Kufunga Shule Chini ya Mvua, Desemba 2019

Kufunga shule ya bweni mwisho wa mwaka si sawa na kufunga likizo ya Juni. Juni mtoto anaacha godoro, ndoo na nusu ya vitu vyake bwenini. Desemba anabeba vyote, kwa sababu mabweni yanapuliziwa dawa ya kunguni, kuta zinapakwa rangi, na Januari vitanda vinagawiwa upya. Ijumaa ya tarehe 6 Desemba 2019, katika shule ya masista juu ya mji wa Moshi, upande wa Kibosho, nilikokuwa mwalimu wa taaluma, shughuli hiyo yote ilifanyika mvua ikinyesha.

Tarehe ilichaguliwa kwa akili. Jumatatu ya tarehe 9 ilikuwa sikukuu ya Uhuru, kwa hiyo mzazi wa Dar es Salaam angeweza kuja Ijumaa, akalala kwao, akarudi kazini Jumanne. Kisichochaguliwa na mtu ni mvua. Vuli ya mwaka ule ilizidi kipimo Afrika Mashariki nzima, kwa kuwa Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kupita kawaida, na mlimani haikupita siku mbili bila kunyesha. Magodoro ambayo kwa desturi huanikwa wiki ya mwisho yalitakiwa yaanikwe mapema zaidi, kila jua likichungulia, na matroni alifanya hivyo. Godoro la sponji likiloa halikauki kwa siku moja. Juu unalihisi kavu, ndani bado lina maji, na likikunjwa na kufungwa kamba hivyo hivyo linafika nyumbani linanuka.

Darasa la saba walikuwa wameshaondoka tangu Septemba, baada ya mtihani wa taifa. Darasa la nne walikuwa wamefanya upimaji wa kitaifa Novemba, lakini matokeo yake hutoka Januari, kwa hiyo ripoti waliyopewa Desemba ilikuwa ya mitihani ya shule tu. Jambo hilo liliandikwa kwa herufi nene kwenye barua ya kufunga shule. Lisipoandikwa, simu ya mwalimu mkuu haipumziki hadi Krismasi.

Ripoti zenyewe zilikuwa na alama kwa 50, kama za mtihani wa taifa: 41 hadi 50 ni A, 31 hadi 40 B, 21 hadi 30 C, 11 hadi 20 D, na chini ya hapo E. Kazi ya kujumlisha ilifanywa na kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoharibu bila mtu kugundua. Mwalimu anataka majina yafuate alfabeti. Kwenye Excel anachagua safu ya majina peke yake badala ya jedwali zima, anabonyeza kuendelea bila kujali onyo, majina yanahama na alama zinabaki zilipokuwa. Karatasi inatoka safi, imepangika, na kila mtoto ana alama za mwenzake. Dawa yake ni ya kizamani: walimu wawili wanakaa meza moja, mmoja anasoma kutoka kwenye karatasi ya alama iliyoandikwa kwa mkono, mwingine ameshika ripoti iliyochapwa na kalamu nyekundu. Hawana haja ya kusoma zote. Wanasoma ya kwanza, ya mwisho na kila ya tano. Safu ikiwa imehama, haiwezi kujificha. Mwaka ule darasa la tano lilinaswa hivyo Jumatano jioni, na rimu ya karatasi iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya barua ikaliwa na ripoti za kurudia.

Kosa la pili ni la sifuri. Mtoto aliyelazwa siku ya mtihani wa Sayansi aandikiwe "hakufanya", na kisanduku cha alama kiachwe wazi. Ukiweka 0, programu inaijumlisha kwenye wastani, na mtoto wa nafasi ya sita anajikuta nyuma ya nusu ya darasa kwa sababu ya malaria.

Kila ripoti iliingia kwenye bahasha ya kaki pamoja na barua ya kufunga na kufungua, mchanganuo wa ada kwa awamu, na orodha ya mahitaji ya Januari: shuka jozi mbili, blanketi, chandarua, ndoo ya lita 10, kandambili, sabuni za mche, dawa ya viatu, rimu moja, ufagio wa chelewa. Anayehamia shule nyingine alikuwa na karatasi ya ziada. Uhamisho haukamiliki kwa barua tu. Lazima jina lihame pia kwenye PReM, mfumo wa kompyuta wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, la sivyo mtoto anasoma shule mpya huku jina lake likibaki ya zamani, na tatizo linaibuka wakati wa kusajili darasa la nne au la saba.

Bahasha hazikubandikwa gundi hadi mhasibu azipitie. Wazazi wenye deni bahasha zao ziliwekwa kando, ndivyo utaratibu wa shule ulivyokuwa, na kwa maoni yangu ni utaratibu mbovu. Anayeumia ni mtoto aliyesimama kando ya mama yake akiwaona wenzake wakisomewa nafasi zao. Deni linadaiwa Oktoba, kwa barua yenye kiasi na tarehe, wakati mzazi bado ana miezi miwili ya kuhangaika. Kulidai getini siku ya kufunga ni kutafuta ugomvi.

Misa ilianza saa mbili na nusu bwaloni, maana kanisa dogo la masista halitoshi watoto na wazazi kwa pamoja. Kibosho ni nchi ya misioni tangu 1893, na mzazi wa huko hata akichelewa ripoti hachelewi misa. Taji la Majilio, majuma manne ya kungoja Krismasi, lilikuwa na mshumaa mmoja tu uliowaka, wa zambarau. Kwaya ya watoto ilikuwa imefanya mazoezi ya "Utukufu kwa Mungu" kwa ngoma na kayamba, wiki nzima, hadi sista sakristani alipowakumbusha kwamba Majilio hauimbwi. Mtu akajitetea kwamba tarehe 6 ni ya Mtakatifu Nikolao, rafiki wa watoto. Ni kweli, na padre alivaa nyeupe kwa ajili yake, lakini hiyo ni kumbukumbu ya hiari, na kumbukumbu ya hiari haina Utukufu hata nje ya Majilio. Ngoma zikahamishiwa kwenye matoleo, watoto wakapeleka mbele ndizi, mchele, sukari na sabuni kwa ajili ya wagonjwa wa parokia, na hakuna aliyeona pengo.

Mahubiri yalikuwa mafupi. Padre alikuwa anasikia bati kama sisi.

Matranka yalikuwa nje. Yalitolewa mabwenini saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya mvua, yakapangwa barazani kwa njia: Arusha, Dar es Salaam, Tanga, Same, Rombo, na Moshi mjini. Kila moja liliandikwa herufi kubwa ya chaki kwenye mfuniko, A, D, T na kuendelea. Ndivyo ilivyofanyika miaka yote, na chaki ni rahisi: inaandikika kwenye bati na Januari inafutika kwa kitambaa. Saa moja na nusu mvua ikaja ya upepo, ikaingia barazani kwa ubavu. Watu waliokuwa karibu wakayasogeza matranka ndani haraka haraka, wakayabana ukutani bila kuangalia njia. Misa ilipokwisha, tulikuta ukuta wa matranka ya bluu na meusi, yote ya mafundi bati wale wale wa Moshi, yenye michirizi myeupe ikitiririka hadi kwenye komeo.

Wakati huo huo dereva wa Coaster ya Arusha alipiga simu kutoka njia panda. Kipande cha mwisho hadi getini ni udongo mwekundu na mteremko, na hakuwa tayari kushuka akiwa na gari ambalo lingehitaji trekta kupanda. Alikuwa na haki. Kwa hiyo mizigo ingepelekwa njia panda kwa Land Cruiser ya parokia, na hapo ndipo mpangilio ulipogeuzwa.

Wa kwanza kwenda njia panda alikuwa mwalimu mmoja mwenye orodha na mwavuli. Yalifuata matranka. Watoto walikuwa wa mwisho. Baadhi ya wazazi walitaka watoto watangulie wakakae garini, na ukisikia haraka haraka unaona ni huruma. Lakini mtoto aliye njia panda hawezi kulitambua tranka lililobaki barazani, na tranka lisilo na mwenyewe hakuna anayejua liingie gari gani.

Watoto walikaa bwaloni kwa njia zao na kuitwa watano watano. Kila mmoja alitakiwa aguse tranka lake. Tulidhani ufunguo utamaliza ubishi: kufuli likifunguka, ni lako. Kumbe makufuli ya bei ndogo hutoka kiwandani yakiwa na funguo za namna chache, na ufunguo mmoja hufungua la jirani bila shida. Wasichana wawili wa darasa la sita walifungua tranka lile lile, kila mmoja kwa ufunguo wake. Basi matroni akabadilisha swali. Kabla ya kufungua, mtoto anasema kitu gani kiko juu kabisa. "Sweta, halafu Biblia ya watoto, na soksi moja." Mfuniko ukafunguliwa: sweta, Biblia, soksi moja. Jina lilitafutwa ndani ya ukosi wa sweta, lilikoshonwa kwa uzi. Yaliyoandikwa kwa maka peni yalikuwa yameshafifia kwa kufuliwa kabla ya Juni.

Likishatambuliwa, tranka lilihitaji alama ya kudumu hadi nyumbani. Selotepu ya karatasi haishiki bati lililoloa, hata ukilifuta. Bati likipoa linatoa jasho na selotepu inaning'inia. Kilichofaa ni kipande cha boksi cha ukubwa wa kiganja, jina na njia kwa kalamu, kimezungushiwa selotepu ya plastiki pande zote mbili, kisha kimefungwa kwa uzi wa katani kwenye mkono wa tranka. Stoo ilikuwa na maboksi ya vitabu ya kutosha. Gari lilibeba matranka 14 kwa safari, yamefungwa kamba mara mbili, na magodoro ndani ya plastiki nzito juu yake. Zamani yangevalishwa mifuko ya rambo kila kona, lakini ilipigwa marufuku Juni mwaka ule ule, na mifuko mbadala ya kitambaa ni rafiki wa maji.

Getini kulikuwa na kazi nyingine, inayohitaji moyo mgumu. Mtoto haondoki na mtu ambaye jina lake halimo kwenye fomu ya kumchukua. Na Desemba fomu hizo ni nyingi, kwa sababu ya desturi yetu. Wazazi wa Dar wanapanda wenyewe Moshi kwa Krismasi. Kumpeleka mtoto Dar ili arudi nao baada ya wiki mbili ni kupoteza nauli. Tena Desemba mabasi yanayojaa ni ya kutoka Dar kuja huku. Wengi huomba mtoto achukuliwe na bibi yake awasubiri kijijini.

Bibi mmoja alitoka Uru kwa miguu na bodaboda, khanga imelowa hadi magotini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu. Nimemfuata mjukuu wangu wa darasa la pili. Baba yake atapanda Krismasi."

"Kitambulisho unacho, bibi?"

"Cha kura hiki. NIDA wamenipa namba tu, kadi bado."

Mwaka ule watu walikuwa kwenye foleni za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kwa ajili ya kusajili laini za simu, na wengi walikuwa na namba bila kadi. Namba haina picha, kwa hiyo cha kura kilitosha. Tatizo lilikuwa kwenye fomu, ambapo baba alikuwa ameandika "Bibi" na kuishia hapo. Mtoto ana bibi wawili, na huyu, kwa jina lililo kwenye kitambulisho, alikuwa mzaa mama. Mtoto alimkimbilia na kumkumbatia, lakini hilo peke yake halitoshi. Watoto wadogo humkumbatia hata jirani aliyewahi kuwanunulia mandazi. Sheria ni kupiga namba iliyo kwenye faili la shule, kamwe si namba anayoitoa mgeni. Mtandao ulikuwa unakatika kwa mvua. Bibi alipewa kiti na chai, akangoja hadi baba alipopatikana na kutaja jina lake kamili. Hakulalamika. Aliyelalamika ni mjomba mmoja mwenye gari zuri aliyekataliwa kwa sababu hiyo hiyo, na ambaye naye, simu ilipopatikana, alikuwa mjomba wa kweli.

Pilau ililiwa saa tisa badala ya saa sita. Kuni zilikuwa zimeloa, moto ukawa moshi mtupu, na mpishi akalazimika kuivisha nyama kwa gesi ya jikoni kwa masista kabla ya kuitia mchele. Soda hazikuhitaji barafu.

Coaster ya mwisho iliondoka njia panda karibu na magharibi. Matroni alipofunga daftari, watoto wote walikuwa wametiwa alama na bado barazani kulikuwa na tranka moja jeusi. Lilifunguliwa mbele ya watu watatu, wawili wakitia saini. Ndani mlikuwa na sare za darasa la saba, rula, na kadi za kuagana za Septemba. Mwenyewe alikuwa amekwenda nyumbani na begi la mgongoni, akaliacha tranka kwa rafiki wa darasa la sita ambaye naye alilisahau. Likaingizwa stoo likiwa na kipande cha boksi mkononi, na mzazi akapigiwa simu alifuate siku atakayokuja kuchukua cheti.