Roma kwa miguu na metro: jinsi nilivyozunguka makanisa na shangazi

Shangazi yangu ana miaka 66 na goti la kulia linalomsumbua tangu alipoteleza shambani Bukoba. Ana msimamo pia: hija haifanywi kwa teksi. Teksi, kwa maneno yake, ni ya wagonjwa. Basi tulipotua Roma Oktoba 2025, Mwaka wa Jubilei, kazi yangu ilikuwa moja tu, kumfikisha kwenye Milango Mitakatifu ya basilika nne kubwa, ile inayofunguliwa mwaka wa Jubilei, na kanisa moja dogo alilokuwa akilitaja tangu nikiwa mtoto, bila kumuua goti na bila kumvunjia msimamo wake.

Nilijiandaa kwa kuikariri ramani ya metro. Si ngumu. Njia A ya rangi ya chungwa inapita mjini kutoka Battistini hadi Anagnina. Njia B ya buluu inashuka kusini hadi Laurentina. Mbili hizo zinakutana kituo cha Termini. Njia C, ya kijani, ni changa zaidi, nayo inagusana na A pale San Giovanni. Nikaandika kwenye karatasi kituo cha kila kanisa. Karatasi ile ilinidanganya, nitaeleza.

Siku ya kwanza ilikuwa ya Mtakatifu Petro. Tulilala nyumba ya masista karibu na Termini, tukapanda njia A kuelekea Battistini, tushuke Ottaviano. Tikiti ya safari moja ni yuro 1.50 na inadumu dakika 100. Asubuhi ile watu walibanana kama kwenye mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam saa kumi na mbili. Nilikuwa nimeonywa kuhusu wezi wa mifukoni, nikalikumbatia begi langu mbele kama mtoto mchanga. Shangazi alikuwa ametulia tuli. Pesa zake zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kanga, kanga yenyewe imefungwa kiunoni chini ya gauni la WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania. Mwizi wa kuifikia hajazaliwa.

Baada ya kituo cha Flaminio treni ikatoka ghafla kwenye mwanga. Njia A inavuka mto Tiber juu ya daraja kabla ya kuingia Lepanto, na kwa sekunde chache unaona maji, miti na anga, kisha giza tena. "Kumbe tulikuwa kaburini, tumefufuka," shangazi akasema kwa sauti, na mama mmoja aliyekaa mbele yetu akacheka bila kujua kilichosemwa.

Kutoka Ottaviano hadi uwanja wa Mtakatifu Petro ni kama dakika kumi na tano kwa mwendo wa goti baya. Kwa Mlango Mtakatifu tulikuwa tumejiandikisha mapema kwenye intaneti, bure. Wanaoingia walitembea kwa vikundi kwenye ile barabara pana, Via della Conciliazione, msalaba ukitangulia. Tulipangwa na Wapolandi. Wao wakaimba kwao, shangazi akaimba kwake, na hakuna aliyekosea ufunguo. Hapo ndipo Papa Paulo VI alipowatangaza Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda, kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, kwa hiyo kwa mtu wa upande wetu wa Ziwa Victoria pale si ugenini kabisa.

Alasiri nikataka kumalizia Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, kwa kuwa kituo chake kipo kwenye njia B na kinaitwa kwa jina la kanisa lenyewe, Basilica San Paolo. Kosa la siku likatokea Termini. Kubadili njia pale ni safari ndani ya safari: kuteremka, korido, kupanda, korido tena, na siku ile ngazi za umeme za upande wetu zilikuwa zimesimama. Nikamwonea huruma shangazi, nikaharakisha, tukaingia treni ya kwanza iliyofungua milango. Ilikuwa inakwenda kaskazini, Rebibbia. Ni sawa na mtu wa Kivukoni kupanda basi la Morocco kwa sababu limefika mapema.

Tuligundua Castro Pretorio, kituo kimoja mbele. Na badala ya kuvuka tu upande wa pili wa reli, mimi kwa kihoro nikatoka getini. Kurudi, geti likakataa tikiti zetu. Dakika 100 zilikuwa hazijaisha hata nusu, lakini tikiti ile inakuruhusu kuingia metro mara moja tu. Unaweza kubadili treni huko ndani upendavyo, ukishatoka nje umeiua, ingawa kwenye mabasi bado inakubalika. Yuro tatu zaidi kwa watu wawili. Shangazi akafungua pindo la kanga mwenyewe, akalipa, hakusema neno. Afadhali angesema.

Lakini Mtakatifu Paulo ilitulipa. Kutoka kituoni ni dakika chache tu, barabara tambarare. Kanisa la kale liliteketea kwa moto Julai 1823, na lililopo leo lilijengwa upya kwa michango kutoka pande nyingi. Mtawala wa Misri, Mwislamu, alitoa nguzo za alabasta. Juu ya nguzo kuna mstari wa sura za mapapa wote, kila mmoja kwenye duara lake, unazunguka kanisa zima. Shangazi aliutembea wote kichwa kikiwa juu, huku mimi nikimshika kiwiko asijigonge. Kisha akakaa mbele ya kaburi la Mtume, akatoa rozari, nami nikajua tuna saa nzima ya kupumzisha goti.

Jioni, mezani kwa masista, nilisoma mpango wa kesho kutoka kwenye karatasi yangu: Bikira Maria Mkuu asubuhi, turudi Termini, njia A vituo vitatu hadi San Giovanni, na kadhalika. Sista mmoja Mkenya alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kaka, unataka kumpitisha mama Termini mara ngapi kwa siku?" Akageuza karatasi yangu upande usioandikwa, akachora mstari mmoja ulionyooka. Kwenye ncha moja akaandika Maria Mkuu, kwenye nyingine Laterano, liliko kanisa la Mtakatifu Yohane. "Hii ni Via Merulana. Haina kona. Mwisho wake kuna jiwe refu, mkiliona mmefika."

Jiwe refu lenyewe ni obeliski. Papa Sixtus V, aliyeongoza Kanisa kuanzia 1585 hadi 1590, alinyoosha barabara kati ya makanisa makubwa na kusimamisha obeliski kama alama, mahujaji wazione kwa mbali wajue pa kuelekea. Ya Mtakatifu Petro ilihamishiwa ilipo mwaka 1586, ya nyuma ya Maria Mkuu ikasimama 1587, ya Laterano 1588. Watu walikuwa na ramani yao mitaani karne kadhaa kabla ya treni. Mimi nilikuwa nahangaika na rangi za chungwa na buluu.

Kesho yake saa moja asubuhi tulikuwa Bikira Maria Mkuu. Tuliwahi kwa sababu ya kaburi la Papa Fransisko, aliyezikwa pale tarehe 26 Aprili mwaka huo. Foleni ilikuwa tayari imejikunja. Kaburi ni jiwe tupu jeupe na neno moja, FRANCISCUS. Haturuhusiwi kusimama, unapita tu. Shangazi alipita polepole sana, na mlinzi akamwachia.

Kisha mguu. Via Merulana ni barabara ya mjini ya kawaida tu, ina maduka na migahawa, na vivuli vya miti pembeni. Sisi tulitumia nusu saa, mwenye miguu yake angetumia dakika ishirini. Tulipumzika mara mbili. Maji hatukununua: Roma imejaa vibomba vya chuma vinavyotiririka mchana kutwa, maji safi ya kunywa. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu kidogo, unakunywa bila kuinama. Kwa mtu wa goti na kiuno, ujuzi huu una thamani kuliko tikiti.

Tulipoliona jiwe, shangazi alisimama. Obeliski ya Laterano ilitoka Karnak, Misri, ina mita 32 bila kitako chake, na hakuna obeliski ya kale ya Misri iliyosimama popote inayoizidi urefu. "Nalo limeletwa kutoka Afrika?" Nikamwambia ndiyo. "Halafu wanatuuliza viza."

Mtakatifu Yohane wa Laterano ndilo kanisa kuu la jimbo la Roma, si Mtakatifu Petro kama wengi tunavyodhani. Ng'ambo ya barabara kuna Ngazi Takatifu, vipandio 28 vinavyopandwa kwa magoti tu. Nilimwonyesha ngazi za pembeni, za kutembea. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. Akapanda zote, kila kipandio Salamu Maria moja, na mimi nyuma yake nikiwa na magoti mazima ndiye niliyelia.

Kosa la pili lilikuja baada ya hapo. Kutoka Laterano hadi Msalaba Mtakatifu wa Yerusalemu, mojawapo ya makanisa saba ya hija ya Roma, ni kama dakika kumi, barabara imenyooka. Tulifika karibu saa saba mchana, mlango umefungwa. Basilika nne kubwa zinabaki wazi mchana kutwa, lakini makanisa mengine mengi ya Roma hufunga saa za chakula na kufungua tena alasiri. Tungeanza na hili asubuhi. Tulikaa kwenye nyasi chini ya ukuta wa kale, tukala mkate na jibini, shangazi akalala usingizi wa kweli kanga ikiwa usoni. Kanga ile ndiyo iliyomfunika mabega makanisani pia, na mara moja ilinifunika mimi mapaja, kwa kaptula niliyovaa kwa ubishi.

Mtakatifu Laurenti na Mtakatifu Sebastiano, ili kutimiza yale saba ya hija ya Mtakatifu Filipo Neri, padre wa Roma wa karne ya 16, hatukuthubutu. Kilomita zake ni karibu ishirini.

Siku ya tatu ilikuwa ya kanisa lake dogo. Karibu kila kardinali hukabidhiwa kanisa moja Roma kuwa kama lake, na Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi, aliyepewa kofia Machi 1960 akiwa Askofu wa Rutabo, kule kwetu Bukoba, alipewa San Francesco a Ripa. Bibi alikuwa akisimulia habari ile kama ya harusi ya nyumbani. Tulishuka Piramide, njia B, upande sahihi safari hii, tukateremka hadi mtoni, tukavuka daraja na kupita lango la Porta Portese. Mzee mmoja alikuwa ndiyo anafungua. "Tumsifu Yesu Kristu," shangazi akamwambia kwa Kiswahili. Mzee akajibu Kiitaliano, wakaelewana.

Ndani kuna sanamu ya marumaru ya mwanamke amelala, mkono kifuani, kazi ya mchongaji Bernini. Shangazi akaitazama. "Huyu anasali au anaumwa?" Nikasema vyote viwili: ni Mwenye Heri Ludovica Albertoni, homa ndiyo iliyomwondoa. Akatikisa kichwa, akafungua pindo la kanga, akatoa sarafu, akawasha mshumaa. "Huu wa Bukoba."

Tulipotoka nje nikaona anaegemea ukuta. Goti lilikuwa limevimba kama fenesi.

"Sasa mimi ni mgonjwa," akasema. "Ita teksi."