Ulinikanda au Ulinitwanga?

Mama yule alirudi siku ya tatu. Kabla hajaketi, alivuta ukosi wa blauzi akanionyesha bega la kulia: alama mbili zimevilia damu, kila moja na upana wa kidole gumba. "Mwanangu," akasema, "juzi ulinikanda au ulinitwanga?"

Nilikuwa na miezi minne tu tangu nimalize mafunzo ya uchuaji, na nilichomfanyia nakikumbuka hadi leo. Alikuja na shingo iliyokakamaa na maumivu ya kichwa yanayoanzia kisogoni. Nikapapasa, nikakuta fundo juu ya kombe la bega, nikalikalia kwa kiwiko dakika tano nzima. Bega likapanda kuelekea sikioni. Pumzi akaibana. Nikadhani fundo ni sugu, nikaongeza uzito. Kumbe msuli unaoumizwa hukaza ili kujihami, na mimi nilikuwa nashindana nao. Dawa anazotumia sikuwa nimeziuliza. Siku hiyo ya tatu ndipo niliposikia kwamba anameza aspirini kila siku kwa agizo la daktari, nayo hupunguza uwezo wa damu kuganda. Mtu wa namna hiyo huvilia damu upesi.

Safari hii nilianza na maswali. Ganzi au udhaifu mikononi? Homa? Ameanguka karibuni? Kizunguzungu anapogeuza shingo? Yote akajibu hapana. Lingepatikana hata ndiyo moja, ningemwelekeza kwa daktari bila kumgusa. Nikamwomba ageuze kichwa kulia. Pua ilifika nusu ya njia kuelekea begani, ikakwama.

Alilala chali, mto chini ya magoti ili kiuno kitulie, kichwani bila mto. Bega lenye alama nililiacha kabisa. Mafuta sikupaka, kwa sababu vidole vilitakiwa vishike mahali pamoja, visiteleze. Nikanawa kwa maji ya moto, maana vidole baridi hukaza shingo hata kabla kazi haijaanza, kisha nikaketi upande wa kichwani, mikono yangu imelala kitandani kuanzia kiwiko.

Viganja viliingia chini ya kichwa, vikatazama juu. Ncha za vidole nilizikunja kwenye kibonde ambapo fuvu linaishia na nyama ya shingo inaanza, sentimita 2 hivi kila upande wa uti wa mgongo. Basi. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na uzito huo unatosha. Kazi ya vidole ni kuupokea. Hapa wengi huharibu: wananyanyua kwa nguvu, dakika ya pili mikono inaanza kutetemeka, na mtetemo huo mgonjwa anausikia wote. Wengine huteleza pembeni, kuelekea mbele ya shingo, inakopita mishipa mikubwa ya damu. Ukisikia kitu kinapiga chini ya kidole, ondoa kidole papo hapo.

Nilimwambia apime maumivu kutoka 0 hadi 10, na yakipita 3 aniambie. "Mbili," akasema.

Dakika nzima hakikutokea kitu. Nilitamani sana kusukuma! Kisha akameza mate, tumbo likanguruma, pumzi ikahama kutoka kifuani ikashuka tumboni. Karibu na dakika ya tatu upande wa kushoto ulilegea, vidole vikazama kama kwenye donge la unga lililopumzishwa. Wa kulia ulichelewa karibu dakika mbili zaidi.

Baada ya hapo nilikivuta kichwa kidogo kuelekea kwangu, sekunde 30, mara tatu, kila mara nikikiachia polepole kuliko nilivyokivuta. Ukiachia ghafla, msuli unashtuka na kurudi ulikokuwa. Kazi yote ilichukua dakika 20; ile ya kwanza, ya kumtwanga, ilikuwa imechukua saa nzima.

Aliinuka kwa kujiviringisha kwanza ubavuni, kisha akaketi dakika mbili kitandani, kwa kuwa anayesimama ghafla baada ya kulala hivyo anaweza kupata kizunguzungu. Akauliza kama anywe maji mengi kutoa sumu, jambo ambalo wachuaji wengi hupenda kulisema. Nikamjibu anywe akiwa na kiu. Maumivu ya juzi hayakutokana na sumu yoyote, yalitokana na kiwiko changu. Fundo lenyewe tungeligusa alama zikishafutika.

Maumivu ya kichwa yalikuwa bado yapo, ila yamepungua. Akaanza kuvaa viatu, uso wake haujaridhika.

"Leo hujafanya kitu, mwanangu," akasema, huku akigeuza shingo kulia kuutafuta mkoba wake.