Tango nalo lashindwa na uongo

Hii katuni ya VeggieTales, zile za watoto ambazo wahusika wake ni mboga, ni ya 1997, ya Larry-Boy na kile kiumbe cha uongo kutoka angani, na mie nimeiona juzijuzi tu, wapwa zangu waliniwekea. Yaani huyo Larry-Boy, shujaa, ni tango, masikioni ana zile pampu za kuzibulia choo, nkacheka weee.

Kisa chenyewe, katoto Junior kavunja sahani babake anayoipenda, akatokea kidubwasha kidogo cha bluu, kizuuri, kikamwambia we sema uongo kidogo tu hauna neno. Akamsingizia mwenzake. Basi kila akiongeza uongo kile kidude chakuwa, mara champita yeye, mara ni zimwi laparamia mnara wa maji na mtoto mkononi, na hapo ndo nilipopendea, tango na mapampu yake hakuweza kitu!! Junior mwenyewe ndo alipoanza kusema kweli zimwi likasinyaa hadi likaisha.

Mi naona wamefanya vizuri kutomwachia mtu mzima aokoe, maana sie wakubwa tungeokoa nani, mtu yuko Mtwapa, huko nje ya Mombasa, bado na taulo kiunoni, akwambia "nshafika Buxton, shuka", na Buxton ni kule mjini. Mpwa wangu wa kike akaniuliza, "Mjomba, na wewe zimwi lako likubwa kiasi gani?" Nkamwambia nenda kanletee viazi karai kwanza. Akaenda, ila alikuwa anacheka.