Ramani ya taa: kona ya Massachusetts imekubali

Hatimaye Rhode Island inasomeka kwenye ramani ya taa ninayoijenga! Ramani ni ya mtindo wa ile ya taa iliyowashwa na kituo cha televisheni cha NBC usiku wa uchaguzi wa Marekani wa 1976, ila yangu ina matokeo ya 1972, na kila jimbo lina nusu mbili: juu rais, chini seneti. Rangi nimeziacha za NBC ya enzi hizo, buluu kwa Republican na nyekundu kwa Democrat, kinyume na zilivyozoeleka tangu 2000.

Ubishi wote ulikuwa kaskazini mashariki. Nixon wa Republican alizoa majimbo 49, kwa hiyo juu ni buluu karibu kote. Mpinzani wake, McGovern wa Democrat, aliambulia Massachusetts na mji wa Washington tu. Lakini watu hao hao wa Massachusetts walimrudisha seneti Edward Brooke wa Republican. Majirani zao wa Rhode Island wakafanya kinyume: Nixon juu, Claiborne Pell wa Democrat chini. New Hampshire vilevile, na seneta wao McIntyre wa Democrat. Rangi zinapishana hapo kwenye vijumba vidogo kuliko kidole gumba, na mwanga ukavuja mpaka kona nzima ikawa zambarau. Sehemu tamu kuliko zote za usiku ule, na ndiyo haionekani!

Nikaweka kuta za plaiwudi, nikabandika foili, nikafifisha LED. Wapi! Mwanga ulikuwa unasafiri ndani ya akriliki yenyewe, yaani plastiki ya ramani, kwa sababu ni bamba moja. Dawa ni kukata kila nusu kipande chake, kupiga kingo msasa, kuzipaka rangi nyeusi, ndipo upachike. Na kwa kazi hii msumeno mwembamba wa mkono unaishinda mashine ya leza. Leza huyeyusha ukingo ukang'aa kama kioo, na ukingo unaong'aa ndio unaopitisha mwanga.

Leo ilikuwa zamu ya vibao vya tarakimu. Nimeviweka kando. Nilipowasha South Dakota, juu buluu, chini nyekundu: McGovern kashindwa nyumbani kwake, na siku hiyo hiyo Abourezk wa chama chake kapita seneti. Sisi Kenya kila uchaguzi tunaombwa kura zote sita ziende chama kimoja, kwa hiyo jambo hili linanisisimua mno. Sasa nataka swichi ya kuzima majimbo yote yaliyofuata chama kimoja, yabaki yaliyochanganya tu. Delaware itawaka, alikoshinda useneta Biden wa Democrat akiwa na miaka 29. Ukanda wa LED unaamrishwa taa moja moja, kwa hiyo ni mistari michache tu ya msimbo kwenye Arduino, kibao kidogo cha kompyuta. Naanza usiku huu.