Risasi Isiyo ya Bunduki

"Risasi ipi hiyo, ya Vita vya Kagera?" Mzee, mwenye boti tuliyopanda, aliniuliza, mkono mmoja uko kwenye mashine ya boti, mwingine anakinga jua.

Ilikuwa 2008, Ghuba ya Mwanza, saa mbili asubuhi. Nilikuwa mwanafunzi na kazi yangu ilikuwa kushika kamba. Dokta, mwalimu wetu, ndiye aliyejua tunachokifanya. Tulikuwa tunachota tope la chini ya ziwa kwa bomba refu la plastiki angavu lenye uzito juu yake: unaliachia, linajikita, kizibo kinajifunga, unavuta polepole.

"Si ya bunduki, mzee wangu. Ni madini ya risasi. Walikuwa wakiyatia kwenye petroli."

Nilimweleza nilivyoweza. Moshi wa magari unapaa, unatua ziwani, unazama na vumbi na mabaki ya mwani, mwaka juu ya mwaka. Zebaki nayo vivyo hivyo: wachimbaji wadogo wa upande wa Geita wanaichanganya na mchanga wa dhahabu, kisha wanaichoma, na mvuke wake hauna mpaka. Tope la chini kabisa, la kabla ya reli kufika Mwanza mwaka 1928, ndilo linaloonyesha risasi ya asili ya miamba yenyewe. Bila hilo huwezi kusema kilichoongezeka ni kiasi gani.

Petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa kote kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Mzee alinyamaza. Halafu akasema, "Mimi nimenyonya petroli kwa mpira tangu ujana wangu. Kila siku, ya kutia kwenye mashine." Akatema mate majini. Sikuwa na la kumjibu.

Bomba la kwanza lilitoka zuri ajabu. Maji ya juu ya tope yalikuwa meupe kabisa, dalili kwamba uso wa tope haukuguswa. Chini yake tope jeusi laini, kama ugali wa mhogo uliolowa. Dokta akanikabidhi ili afunge kamba. Upepo ukaja, boti ikayumba, nami nikaliegemeza bomba ubavuni mwa boti ili nishike ukingo. Sekunde tatu, labda nne. Yale maji meupe yakawa uji.

Dokta aliliangalia, akaniangalia. "Umekoroga miaka yako yote," alisema. Ilikuwa kweli: sentimita za juu ndizo za tangu nizaliwe. Akalimwaga lote ziwani, tukaanza upya. Bomba la pili nililishika wima kifuani hadi ufukweni, mikono ikifa ganzi.

Jioni tulilikata. Unalisukuma tope kutoka chini, linachungulia juu, unakata sentimita moja moja kwa kipande cha plastiki. Kisu cha chuma hapana, na pete yangu ya shaba niliamriwa kuivua. Kila kipande mfuko wake. Umri ungejulikana maabara, na hapo Mzee alicheka sana nilipomwambia kwamba risasi tunaihesabia miaka kwa risasi nyingine: risasi-210, aina yenye mionzi inayodondoka na mvua na kupungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi.

Alikuja akachuchumaa mbele ya mifuko iliyopangwa juu ya turubai.

"Mashine yangu ya kwanza nilinunua '79, vita vilipoisha. Iko kwenye mfuko upi?"

Nikamwambia hatujui bado, mzee wangu. Akapitisha kidole juu ya mifuko, bila kuigusa, akasimama kwenye mmoja wa katikati.

"Andika hapa."

Nikachukua kalamu. Nikaandika 11–12, kwa maana ya sentimita, naye akaitikia kwa kichwa.