Kupitisha kebo za mtandao katika nyumba ya mawe

Nyumba ya familia yetu iko Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, ina ghorofa mbili juu ya ile ya chini, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Nilipopima unene wa ukuta baina ya sebule ya juu na chumba ninachofanyia kazi nilipata sentimita 54. Ruta iko upande mmoja wa ukuta huo, meza yangu iko upande wa pili, na baina yao hapafiki mita nne. Hata hivyo kikao cha kazi kikianza picha huganda na sauti hukatika, na masika, kuta zikishakunywa maji, hali huzidi kuwa mbaya. Waifai ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, ndiyo inayoshindwa mwanzo kupenya ukuta mnene wenye unyevu. Ile ya gigahezi 2.4 hujikokota ikafika, lakini inafika imechoka. Kwa hiyo nimeamua kila ghorofa ifikiwe na kebo, na kila chumba kinachohitaji waifai kipate kituo chake kidogo upande uleule wa ukuta.

Wiki tatu sasa nachora tu, sijanunua hata mita moja ya kebo. Wapo walioniambia nimwite fundi achimbe mifereji ukutani, afukie kebo, apige plasta, na kwa siku mbili kazi iwe imekwisha. Katika nyumba ya matofali ya saruji ushauri huo una maana. Kwetu tulishaujaribu. Miaka kadhaa nyuma fundi mmoja alikuja kuongeza soketi ya umeme, akapiga patasi ukutani, na jiwe lenye ukubwa wa dafu likachomoka zima, likafuatwa na udongo mwekundu ambao haukutaka kusita kumwagika. Shimo lile alilijaza saruji. Saruji haipumui kama chokaa, hivyo unyevu unaopanda ndani ya ukuta hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya pembezoni mwa kiraka, na kila masika yakipita plasta hubambuka na kuacha unga mweupe sakafuni. Mama mkubwa, anayeishi ghorofa ya kwanza, alipousikia mpango wangu aliniambia, “Fanya utakalo, mwanangu, lakini ukuta usinichimbie tena.” Nimeliandika sharti hilo juu kabisa ya karatasi yangu, kwa sababu ni la haki.

Ukishaamua kutochimba, kazi inakuwa ya kutafuta njia ambazo nyumba yenyewe inazo. Yetu ina ua wa ndani ulio wazi hadi juu, na kwenye kona yake moja linateremka bomba la maji ya mvua. Kona hiyo ndiyo itakuwa njia kuu ya kupandia, kebo zikiwa ndani ya bomba lao la plastiki. Kutoka uani, kebo zitaingia vyumbani na kufuata boriti. Maboriti yetu ya mikoko yamepangwa karibu karibu, na pale yanapokutana na ukuta pana kivuli ambamo trankingi nyembamba (kasha refu la plastiki la kupitishia kebo), ikipakwa rangi ya chokaa, haionekani mpaka uambiwe ilipo. Trankingi iliyofungwa vizuri ina faida nyingine, nayo ni kuwazuia panya, ambao hutafuna kebo bila kujali bei yake. Uso wa nje wa nyumba sikuufikiria hata kidogo: Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na anayetaka kubadilisha sura ya nje ya nyumba huanza kwa kuomba ruhusa kwenye Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji. Hata kama ruhusa ingepatikana, jua na hewa ya bahari vingeila kebo ya kawaida upesi.

Vipimo nilivichukua kwa mshipi wa kuvulia. Nilifunga chubwi, nikauteremsha mshipi kutoka ghorofa ya pili kando ya lile bomba, nikapiga fundo kila ulipofika usawa wa sakafu, kisha nikaupitisha vyumbani kwa kuulaza palepale kebo itakapolala, pamoja na kila kona. Mshipi unapindana na nyumba, na nyumba ya zamani haina kona hata moja iliyonyooka; chumba nilichodhani kitahitaji mita 19 kilikula mita 24. Kwenye kona niliacha mviringo, kwani kebo haipendi kukunjwa kwa ncha: kipimo cha kawaida ni mviringo ambao nusu kipenyo chake hakipungui mara nne ya unene wa kebo yenyewe, yaani kama sentimita mbili na nusu kwa kebo ya milimita sita.

Njia ndefu kuliko zote ilitoka mita 27. Kikomo cha kebo hizi za shaba ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, kwa hiyo hapo hakuna wasiwasi. Nimechagua aina ya kebo ya mtandao iitwayo Cat6, ambayo hubeba gigabiti moja kwa sekunde kwa urefu wote huo, na inaweza kubeba gigabiti 10 ikiwa haizidi mita 55. Nimeweka vituo saba, kila kimoja kebo mbili, kwa sababu kuitayarisha njia ndiyo kazi ngumu na kebo ya pili haiongezi jasho. Kebo 14 za wastani wa mita 14 ni mita 196. Ukiongeza mita tatu za akiba kwa kila moja unapata 238, na boksi moja lina mita 305.

Kuhusu boksi hilo nasisitiza: hakikisha ni shaba tupu. Zipo kebo za alumini iliyopakwa shaba juu, nyepesi na rahisi kwa bei, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, rudisha. Alumini hukatika ikikunjwa mara chache, tena hupoteza umeme mwingi njiani na kupata joto, jambo ambalo mimi siwezi kulikubali kwa sababu vituo vyangu vya waifai vitapata umeme kupitia kebo hizohizo, kutoka kwenye swichi, yaani kifaa kinachogawa mtandao kwa kebo zote. Kwa mpango huo betri moja ya akiba, ikiwekwa penye ruta na swichi, italisha waifai ya nyumba nzima umeme ukikatika. Sisi tuliokuwepo Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme kutoka Bara ilipoharibika, tunajua kwa nini mtu hupanga nyumba yake hivi.

Waya wa umeme wa nyumba nitauacha mbali shibiri moja popote unapokwenda sambamba na kebo, na zitakapolazimika kupishana zitapishana msalaba. Kila kebo itaandikwa namba ncha zote mbili kabla haijavutwa.

Matundu yatakuwa manne tu katika nyumba nzima. Yatatobolewa kwa drili ndefu inayozunguka bila kugonga, penye chokaa baina ya jiwe na jiwe, yakiinamia kidogo upande wa uani ili maji yasiingie ndani, kisha yatawekwa kipande cha bomba na kuzibwa kwa chokaa. Moja linatokea nyuma ya kidaka cha sebuleni, ambamo mama mkubwa huweka chetezo chake; nilimwonyesha kwa penseli, akapatazama kwa muda, akakubali, kwa sharti kwamba soketi ikae upande wa kushoto na chetezo kibaki palepale. Tutaanza kipupwe kikiingia, kuta zikishakauka.