Nilivyoushinda Utitiri wa Vitunguu Saumu kwa Ndoo Mbili za Maji

Kwa misimu miwili vitunguu saumu vyangu hapa Mbulu viliota vikiwa na majani yaliyojikunja, ncha ikiwa imenasa ndani ya jani lililotangulia, na michirizi ya manjano ikiteremka hadi shinani. Muuza pembejeo mmoja aliniambia kwa uhakika wote kwamba ni upungufu wa mbolea. Nilipoongeza urea bila kuona nafuu, akabadili kauli na kuniuzia dawa ya wadudu, ambayo niliipuliza mara tatu kwa elfu thelathini na kitu. Kumbe tatizo lilikuwa utitiri, nao si mdudu, una nasaba na buibui na kupe, na dawa nyingi za wadudu haziugusi, jambo ambalo yeye alipaswa kulijua kabla yangu.

Niliuona kwa mara ya kwanza kwa fundi saa sokoni, aliyeniazima kile kioo anachokibana jichoni. Nilimenya punje iliyosinyaa, nikaiinua juani, nikaona kitu kama vumbi la unga, na nilipokaza macho kitambo vumbi lile likaanza kutambaa. Fundi naye akatazama, kisha akaenda kunawa mikono.

Kwa kuwa utitiri huu hujificha chini ya maganda ya mbegu tangu ghalani, niliamua kuitibu mbegu kwa maji ya moto. Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu: nilimimina maji yanayochemka juu ya nusu debe la punje, nyumba nzima ikanukia pilau, nami nikazipanda hivyo hivyo. Tuta lile halikutoa hata jani moja, na jirani yangu hadi leo akipita huniuliza kama mchuzi umeiva.

Kinachotakiwa ni nyuzi joto 55 hivi kwa dakika 10 hadi 20, nami sikuwa na kipimajoto. Hapa niruhusiwe kujisifu kidogo. Katika nyanda zetu za juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wala si 100, na maji yetu ya asubuhi nilikadiria kuwa ya 18. Kwa hiyo ndoo moja ya yanayochemka nikaichanganya na ndoo moja ya baridi. Nilipoazima kipimajoto cha muuza maziwa ili kuhakikisha, kilisoma 56. Nilizamisha punje chache kwa kila awamu, katika mfuko wa wavu, ili maji yasipoe haraka.

Kijituta nilichokipanda kwa makusudi bila kuchovya mbegu kilirudia majani yale yale yaliyojikunja, ilhali majani ya matuta mengine yalisimama wima. Punje chache zilizokuwa zimeanza kuchipua kabla ya kuchovywa zilioza, kwa hiyo sasa nachovya mapema, mbegu ikiwa bado imelala.